Jinsi ya kufunga moduli ya mawasiliano kwenye kontrola ya usalama bila kutripu mtambo

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nimefunga moduli taa inawaka ila DCS (mfumo mkuu wa kuendesha mtambo) haioni kitu, nasoma rejista (kisanduku cha namba ndani ya kontrola) 40001 napata namba ya ajabu, naweza kuichomoa mtambo ukiwa unatembea, mbona kila baada ya dakika kadhaa inakata afu inarudi. Nimeamua niandike yote mara moja kwa ajili ya wewe ambaye ndo umekabidhiwa hii kazi kwa mara ya kwanza na umezoea PLC za kawaida, yaani kontrola za mashine zisizo za usalama, maana huku kwenye usalama mazoea ya PLC za kawaida ndo yanayoleta shida.

Nadharia kidogo tu. Kontrola ya usalama inasoma sensa zake, inaamua, inafunga valvu au inazima mashine. Hiyo kazi inafanyika bila kuhitaji moduli ya mawasiliano. Moduli ya mawasiliano inapeleka taarifa nje: kwenye DCS, kwenye skrini za maopereta, kwenye seva ya kumbukumbu, na kwenye laptopu ya injinia. Ikifa, kontrola inatakiwa iendelee kulinda mtambo kama kawaida. Kama kwenu ikifa mtambo unabaki bila ulinzi, basi kuna mtu alikosea kwenye usanifu na hiyo inabidi irekebishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Kitu cha pili wengi wanachanganya: Modbus, yaani protokali ambayo DCS inatumia kusoma rejista za kontrola, sio mawasiliano ya usalama. Modbus ilitoka mwaka 1979, haina ulinzi wowote wa maana zaidi ya kukagua kama ujumbe umeharibika njiani. Ukitaka kontrola moja ya usalama iiambie nyingine "zima", tumia waya wa moja kwa moja au protokali iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama PROFIsafe, CIP Safety au FSoE. Hizo ujumbe wenyewe unabeba ulinzi wake, yaani una namba ya mfululizo, una muda wa mwisho wa kufika, una utambulisho wa aliyetuma, na ujumbe ukichelewa upande wa pili unaenda kwenye hali salama wenyewe bila kuuliza. Hapa chini naongelea zaidi Modbus maana ndo mnaouliza wengi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Kibali cha kazi kilichosainiwa, na fomu ya mabadiliko kama moduli ni mpya au unabadilisha mpangilio. Kubadilisha iliyoharibika kwa nyingine ileile ni kitu kimoja, kuongeza mpya ni kitu kingine kabisa.
- Kitabu cha maelekezo cha moduli hiyohiyo, sio cha ndugu yake wa namba inayofanana.
- Bakapu ya programu ya kontrola, na uhakika kwamba ndo inayotembea sasa hivi.
- Orodha ya rejista na orodha ya anwani za IP zilizotumika tayari.
- Laptopu ya kazi hiyo tu. Laptopu unayosomea barua pepe na kuchomekea flashi za watu usiilete hapa, nimesema kwa herufi ndogo ila naomba uisome kwa sauti kubwa.
- Mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, multimita, bisibisi, kebo yenye shildi, rezista mbili za om 120 kama unatumia RS-485 (mawasiliano ya siriali ya waya mbili), na lebo.
- Namba ya simu au redio ya opereta aliye shifti.

Hatua

1. Anzia chumba cha udhibiti. Kaa na opereta mwambie ni skrini zipi zitapoteza data, kwa muda gani, na alamu zipi zitatokea. Mkubaliane atafuatilia presha na joto kwa njia gani wakati huo, mfano geji za kule site au transmita za DCS yenyewe. Akisema sasa hivi mtambo uko kwenye kuwasha au kuzima, ondoka urudi baadaye.

2. Piga picha kila kitu. Kebo ipi iko poti ipi, taa zipi zinawaka, swichi ndogo za pembeni zimekaa vipi. Afu fungua programu ya injinia ulinganishe toleo lililo kwenye faili na lililo ndani ya kontrola. Yakiwa tofauti simama hapohapo. Usishushe kitu, yaani usipeleke programu kutoka laptopu kwenda kontrola, mpaka ijulikane nani alibadilisha nini, maana ukishusha faili la zamani unaweza kufuta kazi ya ulinzi ambayo mtu aliiongeza mwaka jana na hakuna atakayejua mpaka siku itakayohitajika.

3. Hakiki moduli inaendana. Namba ya modeli, toleo la fimuwea (programu ya ndani ya moduli), na sloti inayoruhusiwa. Kontrola nyingi za usalama zinakubali moduli ya mawasiliano kwenye sloti fulani tu. Angalia pia kama modeli yenu inaruhusu kuchomeka wakati umeme upo. Zipo zinazoruhusu na zipo zisizoruhusu, usibahatishe na usitumie jibu la mtambo mwingine.

4. Funga moduli. Vaa mkanda, ushike kadi kwenye kingo, chungulia pini za raki kwa tochi kama hakuna iliyopinda, sukuma ikiwa imenyooka, kaza skrubu. Afu subiri. Baadhi zinachukua dakika kadhaa kujikagua na taa zinapepesa kila rangi, usichomoe ukidhani imekufa.

   Tahadhari kubwa ya hatua hii: soma lebo ya sloti mara mbili kabla ya kuchomoa. Raki nyingi moduli ya mawasiliano inakaa karibu na prosesa kuu, na kadi zinafanana uso. Kwenye mfumo wa prosesa tatu zinazopiga kura mbili kwa tatu, kuchomoa moja kwa makosa mtambo unaweza usitripu, lakini umeshapunguza ulinzi, na kama moja ilikuwa tayari na hitilafu basi hiyo ya pili ndo itawaamsha wote.

5. Vuta kebo. Ya Etheneti haina maneno mengi, tumia yenye shildi, isipite trei moja na kebo za mota, na kama una moduli mbili, moja akiba ya nyingine, kila moja iende kwenye swichi yake. Kuweka moduli mbili kwenye swichi moja ni kujidanganya, swichi ikizima zote zimeenda.

   RS-485 ndo yenye mambo. Waya jozi iliyosokotwa, mstari mmoja unaopita kifaa hadi kifaa, sio nyota. Rezista ya om 120 kila mwisho wa mstari, yaani mbili tu, sio kila kifaa. Multimita umeme ukiwa umezimwa ikupe karibu om 60 kati ya waya mbili. Ukipata 120 kuna moja imesahaulika, ukipata 40 kuna mtu kaweka ya tatu. Shildi iunge ethi upande mmoja. Umbali wa kawaida unaoaminika ni hadi mita 1200 kwa spidi ndogo, na mstari mmoja ubebe vifaa 32 vya mzigo wa kawaida. Afu hili la A na B: watengenezaji hawakubaliani ipi ni chanya, kwa hiyo ukiona kimya kabisa geuza waya kabla hujaanza kulaumu programu.

6. Weka anwani. IP, maski, geti kama ipo. Kabla ya kuchomeka ping ile IP kwanza, ikijibu ina mwenyewe. Kwa Modbus ya siriali anwani ni 1 hadi 247, na spidi, pariti na biti za kusimama vilingane pande zote mbili. Weka na seva ya muda, wengi wanairuka hii. Siku mtambo ukitripu swali la kwanza litakuwa nini kilianza, na kama saa ya kontrola na saa ya DCS zinapishana sekunde nne huwezi kujibu.

7. Shusha mpangilio. Hapa tulia. Programu nyingi zina njia mbili, kushusha mabadiliko tu na kushusha yote. Kushusha yote mara nyingi kunasimamisha kontrola, na kontrola ya usalama ikisimama matokeo yake (ishara zinazoshikilia valvu na mashine) yanazima, na matokeo yakizima mtambo umetripu. Soma dirisha linalotokea kabla ya kubonyeza sawa. Kama mfumo unakulazimisha kushusha yote, kazi hiyo inasubiri siku mtambo umesimama, hakuna njia ya mkato.

8. Soma rejista ya majaribio kabla ya zile za kweli. Tengeneza rejista moja ya namba unayoijua. Mi natumia 123.456. Kwenye floti (namba yenye desimali) ya biti 32 inatoka rejista mbili, 17142 na 59769. Zikija kwa mpangilio huo halafu DCS ikaonyesha 123.456 uko sawa. Zikija kinyume, badilisha mpangilio wa maneno (rejista ipi inatangulia) upande wa DCS. Usitumie namba ya mviringo kama 100, kwa sababu nusu yake ya pili ni sifuri, na zikigeuzwa DCS itaonyesha kitu karibu na sifuri, wewe utadhani hakuna data kumbe ipo imegeuka.

   Na lile swali la 40001: kwenye waya hakuna 40001. Kinachotumwa ni funksheni namba 3 (amri ya kusoma) na anwani 0. Programu nyingine zinataka uandike 40001, nyingine 1, nyingine 0. Ukiona data zote zimesogea kwa moja, yaani joto limekaa kwenye presha, ndo hapo.

   Ukiona pia namba 819 wakati transmita iko miliampi ya chini kabisa usishtuke, kuna kontrola zinatoa namba ghafi ambapo 819 ni miliampi 4 na 4095 ni miliampi 20. Ni hesabu ya kuibadilisha tu, ila ifanyike sehemu moja. Ikifanyika kwenye kontrola na tena kwenye DCS utapata uchafu.

9. Zuia kuandika. Modbus haina nenosiri. Yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kutuma funksheni za kuandika, 5, 6, 15 au 16, na kubadilisha thamani ndani ya kontrola kama umemwachia. Kwa hiyo weka moduli kwenye kusoma tu. Kama kuna vitu lazima viandikwe, mfano opereta kuriseti au ombi la baipasi (kuzima kinga fulani kwa muda), vitenge kwenye orodha fupi, na mantiki ya kontrola ivikague: baipasi isikubaliwe bila swichi ya funguo kule kwenye paneli, na iwe na muda wa kuisha. Fayawoli kati ya mtandao wa usalama na DCS iruhusu mashine zinazojulikana tu kwenye poti ya TCP 502, mengine yote yafungwe.

   Afu funguo. Kontrola nyingi zina swichi ya funguo yenye nafasi ya kutembea na nafasi ya kuprogramu. Ukimaliza kushusha, rudisha kwenye kutembea, chomoa funguo, irudishe kwa mwenyewe. Mwaka 2017 kwenye mtambo wa petrokemikali Saudi Arabia washambuliaji waliingia mpaka kwenye kompyuta ya injinia, wakaongea na kontrola za Triconex kwa protokali yake yenyewe ya kuprogramu, na waliweza kuingiza programu yao kwa sababu swichi ilikuwa imeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Mtambo uliokolewa na kontrola zenyewe, ziligundua kutolingana zikazima. Hiyo shambulio inaitwa Triton, na walipita mlemle kwenye njia unayoifunga wewe leo.

10. Weka pigo la moyo. Hii naomba usiiruke hata kama mradi umechelewa na kila mtu anakupigia simu. Tengeneza rejista ndani ya kontrola inayoongezeka kila sekunde, 1, 2, 3, ikifika mwisho inaanza upya. DCS iisome, na isipobadilika kwa sekunde kumi hivi itoe alamu na thamani zote za moduli hiyo zigeuke rangi ya data mbovu.

    Sababu yake niliiona kwa macho yangu. Kwenye kazi moja nilikuta skrini inaonyesha presha imetulia kabisa, mstari umenyooka kama rula, opereta ameridhika. Data ilikuwa imeganda. Kulikuwa na geti katikati inayobadilisha siriali kuwa Etheneti, upande wa siriali ulikatika, lakini geti ikaendelea kuijibu DCS kwa namba za mwisho ilizozikumbuka. DCS iliona majibu yanakuja vizuri, hakuna taimauti, hakuna alamu, na watu walikuwa wanaendesha mtambo kwa picha ya zamani kwa zaidi ya saa moja. Kontrola ya usalama ilikuwa inafanya kazi yake muda wote, ila opereta alikuwa haoni kitu na hajui kuwa haoni. Mpaka leo nikiona mstari ulionyooka sana kwenye trendi nauliza pigo la moyo liko wapi.

11. Jaribu kwa kuchomoa. Opereta akiwa anajua, chomoa kebo ya kwanza. Ya pili inachukua? Kwa muda gani? Irudishe, chomoa ya pili. Afu chomoa zote mbili: mtambo uendelee, matokeo ya kontrola yasibadilike, DCS itoe alamu, thamani zigeuke mbovu. Zima na swichi moja. Andika sekunde ulizopima. Mfumo wa akiba ambao haujawahi kuchomolewa usiuhesabu.

12. Funga kazi. Ondoa baipasi zote ulizoweka na mwingine azihesabu pamoja na wewe, chukua bakapu mpya, sahihisha michoro na orodha ya rejista, bandika lebo.

Ikigoma

*Ping haijibu.* Angalia taa ya kiungo kwenye poti, afu maski, afu kama poti ya swichi iko kwenye VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile). Kumbuka moduli nyingine zimezimwa kujibu ping makusudi.

*Ping inajibu ila Modbus hamna.* Mara nyingi ni fayawoli imefunga 502, au moduli imejaza idadi ya miunganisho inayoruhusu. Kila moduli ina kikomo chake, na programu za majaribio ulizoacha wazi kwenye laptopu zinakula nafasi. Zifunge ujaribu tena.

*Inajibu kwa kosa.* Hiyo ni habari njema, njia iko sawa. Funksheni inarudi ikiwa imeongezewa 128, yaani uliomba 3 unapata 131, ikifuatiwa na namba ya kosa. 1 ni funksheni haikubaliki, 2 ni anwani haipo, 3 ni thamani haikubaliki, 4 ni kifaa chenyewe kimeshindwa. Namba 2 ndo inatokea sana: unaomba kipande kinachovuka mwisho wa rejista zilizopo, hata rejista moja tu ikikosekana kipande chote kinakataliwa. Kikomo cha kusoma kwa ombi moja ni rejista 125.

*Inakata na kurudi.* Kama ni siriali piga hesabu kabla ya kulaumu kebo. Kwa spidi ya 9600, jibu la rejista 125 ni baiti 255, kila baiti biti 11, hapo peke yake ni karibu sekunde 0.3. Una vipande vitano ni sekunde moja na nusu bado hujaweka muda wa kifaa kufikiri. Sasa mtu kaweka DCS isome kila sekunde moja na taimauti ya milisekunde 200, itakata tu. Punguza kasi ya kusoma, ongeza taimauti, au panda spidi. Kama hesabu iko sawa na makosa ya CRC (ujumbe ulioharibika njiani) bado yanaongezeka, rudi kwenye rezista, shildi na kebo za mota.

*Inakata saa zilezile kila siku.* Tafuta IP iliyojirudia, au mtu anayewasha kompyuta ya pili inayosoma moduli hiyohiyo. Kamata pakiti kwa Wireshark kwenye poti ya kioo ya swichi (inayotoa nakala ya pakiti zinazopita), sio kwa kuingiza kifaa katikati ya kebo.

*Taa ya hitilafu nyekundu haiondoki.* Soma kwanza kumbukumbu za uchunguzi ndani ya programu ya injinia, uzihifadhi, maana baadhi zinafutika ukiichomoa. Afu jaribu moduli nyingine ya modeli ileile kwenye sloti ileile. Ikiwaka kijani, kadi ya kwanza ndo mbovu. Ikibaki nyekundu tatizo ni sloti, fimuwea au mpangilio. Na hata kama umechoka na usiku umeingia, usiriseti prosesa kuu ili kuona kama moduli ya mawasiliano itapona. Rudisha moduli ya zamani, mwambie opereta skrini zipi bado hazina data na atumie geji zipi, uandike kwenye daftari la shifti, urudi kesho na kitabu cha maelekezo.